Mshike Mkono Ndugu Yako
Darsa kwa wanafunzi wanaokwenda kufundisha wadogo zao wa lise wakati wa likizo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyejiharamishia dhulma Yeye Mwenyewe kabla ya kutuharamishia sisi waja wake. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu na dada zangu katika imani, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninakuusieni nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu mbele za watu na tukiwa peke yetu, mchana na usiku, msikitini na bwenini.

Imamu Bukhari amepokea habari ya Malik bin Huwayrith (r.a.), kwamba yeye na wenzake walimwendea Mtume (s.a.w.) wakiwa vijana wa rika moja, wakakaa kwake siku ishirini. Mtume alikuwa mpole na mwenye huruma. Alipoona wameanza kuwakumbuka watu wao, aliwaruhusu warudi, wakae na jamaa zao na wawafundishe yale waliyojifunza. Hawakuwa wazee wenye vilemba. Walikuwa vijana kama sisi, wakarudishwa kwa vijana wenzao.

Basi na sisi wiki ijayo tunapanda basi. Wako wanaoishia Buyenzi, wengine wanakwenda Rumonge, Nyanza-Lac, Gitega, Ngozi na Muyinga. Kila likizo kubwa tunakaa na wadogo zetu wa lise katika darsa za msikitini: twahara, tajwidi, sira. Mwaka huu jumuiya yetu imetuomba tuongeze somo moja, nalo ni ridhaa, na namna ya kuzuia ubakaji na udhalilishaji mashuleni. Tangu habari hiyo itoke, baadhi yenu mmenijia. Mmoja ameniambia hiyo ni elimu ya kizungu. Mwingine amesema tukiwafundisha ridhaa tutakuwa tumewaambia kwamba zina ni halali wakiridhiana. Wa tatu amesema mambo hayo ni aibu kutajwa msikitini. Nataka niwajibu wote watatu kwa heshima, lakini kwanza nina deni la kusimulia.

Usiku mmoja bwenini

Nilikuwa darasa la mwisho katika lise moja ya bweni. Wenzangu walikuwa wamenichagua kuwa amiri wa wanafunzi Waislamu. Mimi ndiye niliyewaswalisha, mimi ndiye niliyegawa tende za futari. Usiku mmoja wa Jumamosi umeme ulikatika, tukawa tumelala kila mtu kitandani kwake tunapiga soga. Mwenzetu mmoja akaanza kusimulia. Alikuwa akiswali safu ya kwanza, nyuma yangu. Alisimulia habari ya msichana wa madarasa ya chini, jinsi alivyomwita aje achukue daftari, na jinsi alivyofunga mlango. Akasema, "Mwanzo alilia, halafu akanyamaza. Si amekubali huyo?" Bweni zima likacheka.

Mimi sikucheka. Niligeukia ukutani nikavuta shuka. Nikajiambia kwamba nimechukia kwa moyo wangu, na hiyo ni imani, hata kama ni imani dhaifu. Nikalala.

Muhula uliofuata yule msichana hakurudi shule. Wengine walisema amehamia kwa shangazi yake, wengine wakasema mengine ambayo sitayarudia. Sikuuliza. Mpaka leo sijui alipo.

Ndugu zangu, hadithi niliyojifichia usiku ule mnaijua. Ameipokea Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.): anayeona ovu aliondoe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza kwa moyo wake. Mimi nilirukia ngazi ya mwisho kana kwamba ndiyo ya kwanza. Moyo ni wa yule asiyeweza. Mimi ulimi nilikuwa nao. Nilikuwa amiri, bweni zima lilinisikiliza nilipowaamsha kwa swala ya alfajiri. Lau ningesema neno moja tu, "Hiyo uliyoifanya ni dhulma," kicheko kile kingekatika. Asubuhi ningeweza kwenda kwa mwalimu niliyemwamini. Sikufanya hata moja.

Kumsaidia aliyedhulumu

Iko hadithi nyingine ambayo nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa, na sikuielewa mpaka yalipotokea hayo. Ameipokea Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba wamsaidie ndugu yao akiwa mwenye kudhulumiwa na hata akiwa mwenye kudhulumu. Wakashangaa. Aliyedhulumiwa tunajua namna ya kumsaidia, aliyedhulumu tumsaidie vipi? Akawajibu kwamba kumsaidia ni kumzuia asidhulumu.

Tazameni hekima hiyo. Sisi vijana tunadhani kumpenda mwenzetu ni kumfichia. Tunaita sitara. Tunaita umoja. Lakini Mtume ametufundisha kwamba anayemwacha rafiki yake aingie katika dhulma huku anatazama, amemtupa. Siku ya Kiyama huyo rafiki atakuja na swala zake, saumu zake na sadaka zake, kisha waje watu aliowadhulumu wagawane mema yake mpaka yaishe, naye abebeshwe maovu yao. Huyo ndiye muflisi aliyetajwa katika hadithi ya Muslim. Nani kati yetu anataka mwenzake wa safu ya kwanza afike pale hana kitu?

Hapa ndipo ninapomjibu ndugu yangu anayeogopa kwamba somo la ridhaa litahalalisha zina. Hapana. Zina ni haramu, walioridhiana na wasioridhiana, na hilo tutalifundisha wazi bila kuuma maneno. Lakini anayelazimisha amebeba mizigo miwili. Amevuka mpaka wa Mwenyezi Mungu, na amevunja haki ya mja. Haki ya Mola mtu hutubu kwa Mola wake. Haki ya mja haifutwi kwa kuswali usiku tu, ina mwenyewe, naye atasimama kuidai. Mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo hudhani kwamba kumlazimisha msichana na kufanya naye kwa hiari ni dhambi moja, ataomba msamaha mara moja basi yamekwisha. Hayo siyo aliyotufundisha Mtume wetu. Ilipokuwa zama za Umar (r.a.), mtumwa mmoja alimlazimisha kijakazi. Umar alimwadhibu yule mtumwa kwa mijeledi na kumhamisha, na yule kijakazi hakumgusa, kwa sababu alilazimishwa. Habari hiyo imo katika Muwatta ya Imamu Malik. Ridhaa ndiyo iliyomtofautisha mkosaji na asiye na kosa, na Umar hakuitoa Ulaya.

Kunyamaza si kukubali

Mwaka jana nilikutana na yule mwenzangu kwenye harusi, Buyenzi. Ameoa sasa, ana mtoto wa kike. Tukakaa pembeni na sahani zetu za pilau, nikakusanya ujasiri nikamkumbusha usiku ule. Aliinama kwa muda mrefu. Kisha akaniambia maneno ambayo bado yananiamsha usiku: "Wewe ulikuwa amiri wetu. Ulisikia. Hukusema kitu. Nilidhani si jambo kubwa."

Alichukua kimya cha yule msichana akakifanya ridhaa. Akachukua na kimya changu akakifanya ruhusa. Vyote viwili vilikuwa woga.

Tuseme kweli, wavulana wengi wa Kiislamu wameisikia ile hadithi ya msichana mwari kwamba idhini yake ni kunyamaza kwake, wakaitoa mahali pake. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini inazungumzia nini? Inazungumzia ndoa. Walii amekaa mbele ya binti yake, amemtajia jina la mchumba, anamuuliza kama ameridhika. Binti yuko kwao, yuko salama, anaona haya kusema "ndiyo" mbele ya baba yake. Sheria ikamwonea huruma ikasema asibanwe atamke. Ni rehema kwa mwenye haya. Wala kimya hicho hakizibi njia ya kukataa. Khansaa binti Khidham (r.a.) aliozeshwa na baba yake naye hataki, akaenda kwa Mtume, na Mtume akaibatilisha ndoa ile. Basi ikiwa katika ndoa halali, yenye mahari na walii, mwanamke akisema hataki anasikilizwa, vipi kimya cha mtoto aliyefungiwa mlango kiitwe ruhusa?

Wafundisheni wadogo zetu jambo hili: mtu anapojawa na hofu, mara nyingi mwili huganda. Hawezi kupiga kelele, hawezi kukimbia, sauti haitoki. Asiyepiga kelele hakukubali. Aliyelia kisha akanyamaza hakukubali. Aliyepewa zawadi ya simu au vocha hakukubali kwa kuipokea. Na aliyekubali kuzungumza nawe njiani amekubali mazungumzo ya njiani tu.

Na wafundisheni habari ya Barira (r.a.). Alikuwa kijakazi, ameolewa na mtumwa aliyeitwa Mughith. Alipoachwa huru alipata hiari ya kuendelea na ndoa ile au kuiacha, akaiacha. Mughith alikuwa akimfuata katika njia za Madina analia, machozi yanamtiririka ndevuni. Mtume (s.a.w.) akamhurumia, akamwambia Barira kama angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akasema hapana, yeye anaombea tu. Barira akajibu kwamba hana haja naye. Ikaishia hapo. Bukhari ameipokea. Huyu ni mwanamke aliyekuwa mtumwa jana yake, mbele ya mbora wa viumbe, ameombwa jambo la halali na amekataa, na hakukasirikiwa wala hakulaumiwa. Nani sasa, katika wavulana wa lise, au katika walimu wanaouza pointi za mtihani, mwenye cheo cha kutokataliwa?

Nguo ya Yusuf

Watoto wengi wanadhani mbakaji ni mtu asiyejulikana anayevizia gizani. Somo lenu lianze na Sura Yusuf, kwa sababu Mwenyezi Mungu ametusimulia udhalilishaji uliotokea ndani ya nyumba. Aliyetakiwa kwa nguvu ni kijana wa kiume. Aliyemtaka ndiye mwenye nyumba anamoishi. Milango ilifungwa. Yusuf (a.s.) alikimbia, kanzu yake ikachanwa kwa nyuma, kisha akawahi kusingiziwa yeye. Na baada ya ushahidi kumtoa hatiani, bado alifungwa gerezani.

Humo mna masomo manne ya kuwapa wadogo zetu. La kwanza, hata mvulana anaweza kutendewa, naye hana aibu ya kuificha. La pili, hatari hutoka zaidi kwa mwenye mamlaka juu yako: mwalimu anayeshika alama zako, binamu mkubwa, mwenye nyumba unakolala ukienda shule, na nasema hili nikiwa mwana wa madrasa, hata ustadhi. Hakuna kanzu wala kofia inayompa mtu haki ya kukugusa. La tatu, Yusuf alikimbia kuelekea mlangoni ingawa ulikuwa umefungwa. Tuwafundishe watoto kukataa, kuondoka na kusema, bila kumlaumu yule aliyeshindwa kufanya hivyo.

La nne ni ile kanzu. Shahidi wa nyumba ile hakuuliza Yusuf alivaa nini wala alimtazama vipi. Alisema itazamwe nguo imechanika wapi. Basi aliyetendewa asifue nguo zake wala asioge kabla ya kumwona daktari, ingawa ndilo jambo la kwanza moyo unalolitamani. Nguo alizovaa zitiwe katika karatasi, si katika mfuko wa plastiki unaozitia unyevu. Na aende haraka. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI zianze ndani ya saa 72, kila saa ikipita nguvu ya kinga inapungua, kisha azimeze siku 28. Dawa ya kuzuia mimba ina nafasi ya saa 120, nayo ni bora mapema zaidi. Dawa hiyo inazuia mimba isiingie, haitoi mimba, basi asije mtu akamtia msichana hofu ya dini mahali pasipo na hofu.

Bujumbura tuna kituo cha Seruka, kilichofunguliwa mwaka 2003 kwa ajili ya waliobakwa, na matibabu yake hayalipiwi. Gitega kuna Humura. Mnajua Kirundi, tazameni majina hayo mawili. Seruka ni jitokeze. Humura ni tulia, usiogope. Hayo ndiyo maneno mawili ambayo yule msichana wa lise yetu alihitaji kuyasikia kutoka kwa mtu mmoja tu.

Akikujia mwenzako

Sasa nawaambia nyinyi mtakaofundisha. Mkishamaliza somo, mtu atabaki nyuma. Atajifanya anatafuta viatu vyake. Mjue anataka kusema.

Msikilize. Usimuulize alikuwa anafanya nini kule saa ile. Katika zama za Mtume (s.a.w.) mwanamke mmoja alitoka kwenda kuswali, akavamiwa njiani na kubakwa. Abu Daud na Tirmidhi wameipokea habari yake. Hakuulizwa kwa nini alitoka. Mtume alimwambia aende zake, Mwenyezi Mungu amemsamehe. Lakini katika habari hiyohiyo, watu waliokimbilia kumsaidia walimkamata asiye na hatia, na alikaribia kuadhibiwa, mpaka mkosaji mwenyewe aliposimama akakiri. Tuchukue yote mawili. Tumwamini anayelia, tumhudumie hapo hapo bila kungoja hukumu. Na tusikusanye umati wa kumpiga mtu. Kumtibu aliyeumia ni kazi ya saa ile. Kumpata mkosaji ni kazi ya wanaochunguza kwa utulivu.

Usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mwambie utamwambia yule tu anayeweza kumsaidia, na mtakwenda pamoja. Akiwa na mama yake anayemwamini, muanze kwa mama. Wewe si daktari, si polisi, si kadhi. Kazi yako ni kumshika mkono mpaka afike kwa wenye kazi hizo.

Na habari yake isionekane kwenye WhatsApp, hata bila jina. Mwenyezi Mungu ameteremsha katika Suratun-Nur aya nzito kwa sababu ya maneno yaliyosambazwa juu ya Bibi Aisha (r.a.), na akawaahidi adhabu wanaopenda uchafu uenee kati ya waumini. Sitara ya kweli ni hiyo, kumfunika aliyeumizwa. Kumfunika aliyeumiza ili aendelee kwa mwingine, hiyo siyo sitara.

Jambo la mwisho katika hili ni gumu zaidi, kwa sababu litawakutanisha na watu wazima. Mtaambiwa mambo haya yamalizwe nyumbani. Familia mbili zitakaa, zitatajwa pesa au mbuzi, au itasemwa amwoe yaishe. Mtasikia lile neno la Kirundi, niko zubakwa, kwamba ndivyo nyumba zinavyojengwa. Wajibuni kwa adabu, kama mtoto anavyomjibu mzee, lakini wajibuni. Ndoa bila ridhaa ya mwanamke Mtume aliivunja, vipi sisi tuifanye malipo ya dhulma? Na sheria ya nchi yetu imesema. Iko Sheria nambari 1/13 ya tarehe 22 Septemba 2016 juu ya ukatili wa kijinsia. Na aliye chini ya miaka 18, sheria ya jinai haihesabu hata "ndiyo" yake kuwa ridhaa.

Kwa nini sisi

Mtauliza, kwa nini kazi hii ifanywe na vijana, si masheikh na walimu? Masheikh tunawahitaji, na nimewaomba watatu wakae nasi katika maandalizi. Lakini sheikh hayuko bwenini usiku wa Jumamosi umeme ukikatika. Mwalimu hayuko. Tuko sisi. Kabla habari haijamfikia mtu mzima yeyote imeshapita kwa rafiki mmoja au wawili, nao ndio wanaoamua kama itakuwa kichekesho au itakuwa kesi. Mradi wa Menyumenyeshe, ulioanza nchini kwetu mwaka 2016 kuwafikishia vijana elimu ya afya ya uzazi, uliibeba fikra hiyo katika jina lake: jua, kisha mjulishe mwenzako.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu ndani ya jahazi, wengine juu na wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuchota maji, wakaona wanawasumbua wenzao, wakataka watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe. Akasema wa juu wakiwaacha wataangamia wote, na wakiwashika mikono wataokoka wote. Bukhari ameipokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.). Sisi wa Rumonge tunaoijua Tanganyika hatuhitaji kufafanuliwa. Anayetoboa husema ni upande wake, haikuhusu. Maji hayajui upande wa nani.

Kwa hiyo ndugu zangu wa kiume, somo hili msiwaachie dada zetu. Tumezoea kuwakusanya wasichana tuwaambie wajisitiri, warudi mapema, wasicheke na watu. Katika Suratun-Nur amri ya kuinamisha macho na kuhifadhi tupu imeanza kwa wanaume waumini, kisha wakafuata wanawake. Tuanze alipoanza Mwenyezi Mungu. Kaeni na wavulana, peke yenu, muwaambie neno la kusema bweni linapocheka. Wafanyisheni mazoezi walitamke kwa sauti, kama mnavyowafanyisha mazoezi ya tajwidi, kwa sababu ulimi usiozoezwa huganda siku inapohitajika. Neno lenyewe ni fupi: "Acha. Hiyo ni dhulma, na mimi sicheki."

Yule mwenzangu aliniuliza mwishoni kama ana njia ya toba. Nikamwambia mlango wa Mola haujafungwa, lakini asidhani ataupita bila ya yule dada. Asimtafute amlazimishe kusamehe, hiyo itakuwa dhulma ya pili. Ajiweke tayari kwa haki yake, hapa duniani ikimfikia, kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Nikamwambia nami nina deni, na sijui nitalilipa vipi ila kwa kusema yale niliyoyanyamazia.

Ewe Mola wetu, tusamehe vimya vyetu. Mponye kila aliyedhulumiwa katika shule zetu na nyumba zetu, umrudishie usingizi wake na heshima yake. Ewe Mola, mlinde yule dada popote alipo, umpe bora kuliko alichonyang'anywa. Wazuie wenye kudhulumu, utuwezeshe tuwe sisi mikono ya kuwazuia. Zifungue ndimi zetu kwa haki, uzifunge kwa umbea. Wabariki ndugu zetu wanaosafiri wiki ijayo, uwafikishe salama, na uyafanye watakayofundisha kuwa nuru kwao na kwa watakaowasikiliza.

Amin, ya Rabbal-alamin. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.